Bando la Mbao Karagita

Jioni, mabasi ya mashamba ya maua yakishawashusha wafanyakazi kando ya Moi South Lake Road, Naivasha, vibanda vya M-Pesa hujaa. Dada mmoja anatoa shilingi 20, ananunua bando la WhatsApp na kusikiliza sauti ya mwanawe aliyeachwa kwa nyanya. Kisha anabonyeza kiungo cha tangazo la kazi alichotumiwa na rafiki. Ukurasa unazunguka, unazunguka, haufunguki. Bando lake halifiki huko.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, na aliyetaka intaneti alienda saiba akalipia dakika. Ilikuwa ghali, tena ya kujikokota, lakini dakika uliyoilipia ilikufikisha kokote. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zikaanza kazi kutoka Mombasa, bei ikateremka, intaneti ikahamia mfukoni.

Hapo mlango ukaanza kufinywa, tena kwa jina la msaada. Novemba 2014 Airtel na Facebook walileta Internet.org, ambayo baadaye iliitwa Free Basics: huduma chache za bure, nyingine zote kwa pesa. Ni kama matatu ya Karagita imbebe bure anayekwenda duka fulani, kisha imtoze nauli anayekwenda zahanati. Tangu 2003 mwanasheria wa Marekani, Tim Wu, alikuwa ameipa jina kanuni inayokataa jambo hili, usawa wa mtandao: mwenye njia asibague mizigo. India iliisimamia, Februari 2016 mdhibiti wake akapiga marufuku bei za kibaguzi. Sisi tukanyamaza, na bando za programu moja moja zikazoeleka.

Kuzimwa kwa mtandao tunakuona. Mnamo 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuuzima. Kesho yake waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha wakaingia Bungeni, mtandao ukafifia, na kampuni zikataja hitilafu ya nyaya za baharini. Nchi nzima ilipiga kelele, na ilistahili. Lakini huku kufinywa kwa kila siku hakuna anayekuandamania, na ndiko kunakoniuma zaidi.

Yule dada anamwomba rafiki alipige picha lile tangazo. Picha inafika. Tarehe ya mwisho ya kutuma maombi imekatika ukingoni.