Chama, Sheria na Mlango wa Shule: Kutoka Pugu hadi Mbagala

Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kufundisha historia ya elimu kwa kufuata maamuzi ya Chama: Azimio la Arusha la Februari 1967, Elimu ya Kujitegemea ya Machi mwaka huo huo, Azimio la Musoma la Novemba 1974. Mpango huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Azimio haliingii darasani kwa miguu yake. Baina yake na mtoto aliyeketi kwenye dawati kuna sheria ya Bunge, na chini ya sheria hiyo kuna kanuni za waziri na waraka wa wizara. Ni huko chini, mahali ambapo makada wengi hatuangalii, ndipo mtoto wa mfanyakazi wa Temeke au Manzese anapofunguliwa mlango au kufungiwa.

Wakoloni walilijua jambo hili vizuri. Chini ya utawala wa Waingereza kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha, na fungu la Mwafrika likiwa dogo kuliko yote kwa kila mtoto. Ramani ya Dar es Salaam ilisema maneno yale yale: Wazungu Oyster Bay, Waasia Uhindini, Waafrika Kariakoo na Ilala, na baadaye Magomeni na Temeke. Mwaka 1953 serikali hiyo ilitoa waraka, tena waraka tu, wa kuwakataza watumishi wake wasiwe wanachama wa chama cha siasa. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya misheni ya Pugu, nje kidogo ya mji, na waajiri wake hawakuwa Serikali. Hata hivyo yeye naye alitakiwa kuchagua baina ya kazi na siasa, na mwaka 1955 aliacha ualimu. Nchi nzima inalijua tukio hilo. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mwalimu wa serikali aliyebaki kazini hakupewa hata nafasi ya kuchagua, kwa sababu karatasi moja ilikwisha kumchagulia.

Uhuru ulipokuja, Sheria ya Elimu ya 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, ilifuta ubaguzi wa rangi katika shule. Lakini shule nyingi ziliendelea kumilikiwa na mashirika ya dini huku zikilipiwa na umma, na kwa sababu dini hazikuwa na shule sawa, watoto wa umma huo hawakupata nafasi sawa. Sheria ya Elimu ya 1969, Na. 50, ndiyo iliyokata mzizi: shule zilizokuwa zikipata msaada wa Serikali ziliwekwa chini ya Serikali kuanzia 1970, na Pugu ikiwa miongoni mwao. Sisi tunaihesabu sheria hiyo kuwa shupavu kuliko zote tulizotunga katika elimu, kwa sababu iligusa mali, na haikuishia kwenye maneno ya usawa.

Musoma kulikuwa na mwendo wa namna nyingine. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi katika shule ya msingi. Wanafunzi walikuwa karibu milioni 1.2 mwaka 1974. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 walizidi milioni 3. Walimu walipatikana kwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio. Vijembe vilitungwa juu ya walimu hao wa UPE, na mara nyingi waliovitunga walikuwa watu ambao watoto wao hawakuwahi kukosa mwalimu. Sheria ilikuja nyuma ya umma: Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978, ambayo kifungu chake cha 35 kililazimisha mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajafika 13 aandikishwe, na ahudhurie mpaka amalize. Mzazi aliyemficha mtoto alikuwa na kesi ya kujibu.

Lakini sheria hiyo hiyo ilimpa waziri madaraka ya kutunga kanuni, na kanuni hazipitishwi kwa hatua za muswada. Kanuni za viboko za 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi 6. Zile za 2002 zilipunguza hadi 4, zikataka vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Tungependa kujua ni kamati ngapi za shule za Mbagala na Tandika zilizowahi kukifungua kitabu hicho.

Mwaka huo huo wa 2002 zilitolewa kanuni za kufukuza wanafunzi. Ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, au kwa kuingia katika ndoa. Neno mimba halikuandikwa humo, lakini shule zilisoma mimba ndani ya neno maadili. Huu ndio mgongano ambao wanafunzi wa nadharia wanapaswa kuuchambua: sheria kubwa inamshitaki mzazi asiyempeleka mtoto shuleni, na sheria ndogo iliyozaliwa nayo inamtoa mtoto huyo huyo nje. Tena haikumtoa kila mtu sawa. Mwenye fedha alimhamisha binti yake au alimpeleka nje ya nchi, na binti wa mama lishe wa Tandale alibaki nyumbani na mtoto mgongoni. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha sheria na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Hilo lilikuwa jema, lakini halikumrudisha msichana darasani. Na mwaka 2017 ilitamkwa hadharani, kutoka ngazi ya juu kabisa ya Serikali, kwamba hatarudi. Mlango ulifunguliwa Novemba 2021, kwa waraka.

Hata elimu bila ada, iliyowajaza watoto katika shule za Mbagala mpaka wakasoma kwa zamu, ilianza 2016 kwa Waraka Na. 5 wa 2015. Watatuambia kwamba waraka ni mwepesi na umma hauwezi kumngoja mwanasheria. Ni kweli, na Musoma nako umma haukungoja. Lakini Musoma iliamuliwa na kikao cha Chama, na katika muda wa miaka minne ikawa sheria. Haki iliyotolewa kwa waraka huweza kuondolewa kwa waraka mwingine, bila tawi lolote la Chama kuulizwa.

Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 inataka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kifungu cha 35 kilivyoandikwa 1978 kilimlinda mtoto wa shule ya msingi tu. Miaka minne ya sekondari ni ile ile ambayo wasichana wa Temeke na Kinondoni walikuwa wakifukuzwa, na siku sera hiyo itakapotungiwa sheria, kanuni yoyote ya kumfukuza mwanafunzi kwa sababu ya mimba italazimika kufutwa kwa maandishi, kwa namba yake na mwaka wake.