Shukrani Huanza kwa Kukumbuka



Tunapoitwa mbele ya kanisa kutoa shukrani, wengi wetu tunasema, "Namshukuru Mungu kwa pumzi ya uzima," kisha tunakaa. Neno hilo ni la kweli, lakini ni fupi. Katika Kumbukumbu la Torati 26, Mwisraeli aliyeleta kikapu cha mavuno ya kwanza hakutoa na kwenda zake. Mbele za Bwana alisimulia habari ya wazee wake: jinsi walivyotangatanga, walivyoteswa Misri, na mkono wa Bwana ulivyowatoa. Kikapu na historia vilikwenda pamoja.

Sisi wa Tshopo nasi tuna historia ya kusimulia. Maji yetu ya Lomami huingia mto mkubwa pale Isangi, yakateremka mpaka upande wa Basoko. Katika nchi hiyo, kati ya mwaka 1870 na 1872, alizaliwa mtoto wa Waturumbu, jina lake Disasi Makulo. Mwaka 1883 alikamatwa na watu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar aliyetafuta pembe za tembo na watumwa. Stanley alipopita mtoni mwaka uleule, alimnunua pamoja na watoto wengine kwa vitambaa na chumvi, akateremka nao mpaka Kinshasa. Baadaye Disasi aliishi na George Grenfell, mmisionari wa Kibatisti, na mwaka 1894 akabatizwa.

Angeweza kubaki mbali na mahali pa machozi yake. Lakini alirudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alianza kazi ya Injili huko Yalemba, kando ya mto mkubwa, si mbali na nchi aliyoibiwa. Grenfell alifariki Basoko tarehe 1 Julai 1906. Disasi aliishi mpaka 1941. Kabla ya kufa alimsimulia mwanawe maisha yake, na kitabu chake kilitoka Kinshasa mwaka 1983, miaka 100 baada ya siku ile ya kukamatwa.

Hapa tuseme ukweli wote. Stanley alikuwa mtumishi wa Mfalme Leopold II, na utawala wa mfalme huyo ulileta kazi ya mpira kwa nguvu, viboko na vifo. Mkono uliomfungua mtoto mmoja ulifungua pia mlango wa mateso kwa wengi. Basi tumshukuru nani? Na tushukuru namna gani?

Paulo aliwaandikia Wathesalonike washukuru katika kila jambo (1 Wathesalonike 5:18). Hakuwaambia wauite uovu kuwa wema. Mwisraeli mwenye kikapu hakuishukuru Misri. Alimshukuru Mungu aliyemtoa Misri, na mateso aliyataja kwa jina lake. Shukrani isiyotaja mateso huwaumiza wanaolia. Mama aliyezika mtoto wake, baba ambaye shamba lake limeharibika, wasilazimishwe kucheka kanisani. Walie, na katika kulia huko wamtafute Mungu ambaye hajawaacha.

Tutazame hata lugha tunayosoma sasa. Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya wafanyabiashara wale, nyuma ya bunduki na minyororo. Leo ndicho tunachotumia kuomba na kumsifu Bwana. Hatuishukuru minyororo. Tunamshukuru Yeye ambaye hakuiachia neno la mwisho.

Basi, wapendwa, tufanye hivi juma hili. Kila mzee wa nyumba awakusanye watoto jioni, awasimulie jambo moja ambalo Bwana aliitendea jamaa yao: lilitokea mwaka gani, wapi, hofu ilikuwa ipi, nani alisaidia. Jumapili, tunapoleta muhogo, mchele, ndizi au franga zetu, tulete na habari hiyo. Halafu tumwulize Bwana swali ambalo Disasi alilijibu kwa miguu yake: Yalemba yangu iko wapi? Ni kwa nani nirudi na wema niliotendewa?

Bwana atupe moyo unaokumbuka. Amina.