Haliburton asingaliumia

Kwenye stendi ya Same, juu ya vikombe vya chai ya tangawizi iliyoshuka kutoka milimani, mashabiki wa kikapu bado wanaubishania mchezo wa saba wa fainali za NBA za 2025. Kwetu ulichezwa usiku wa kuamkia Juni 23. Oklahoma City Thunder, timu aliyowahi kuichezea Hasheem Thabeet wetu, iliifunga Indiana Pacers 103-91. Ila Tyrese Haliburton wa Pacers alikatika kano ya kisigino katika robo ya kwanza, akiwa na pointi 9 tayari, na hata bila yeye wenzake walikwenda mapumziko wakiongoza 48-47.

Hapo ndipo sarufi inapoingia uwanjani. “Asingeumia, wangeshinda,” anasema wa Pacers. Vitabu vitamsahihisha: -nge- ni ya jambo ambalo bado lawezekana, lililokwisha pita hudai -ngali-. Basi aseme, “Asingaliumia, wangalishinda.” Mtaani tofauti hiyo imefifia, nami simlaumu anayetumia -nge- kotekote. Pengine kwake mchezo haujaisha.

Kinachoniudhi ni mseto: “asingeumia, wangalishinda.” Kiambishi kimoja kitawale pande zote mbili za sentensi. Na ile “kama” inayotangulizwa, “kama asingeumia,” ni ya ziada, maana sharti limo tayari ndani ya kitenzi.

Wa Thunder hana shida hizi. Yeye anatumia -li- tu: “Tulishinda.”