Susa: Maziwa ya ngamia yachachushwayo nyumbani Ifo

MAGHARIBI mwa Kenya, anayetaka kutengeneza busaa hununua unga wa mahindi na kimea cha wimbi sokoni. Katika kambi ya Ifo, Dadaab, kaunti ya Garissa, wakazi wengi ni Wasomali Waislamu, ambao kwao pombe ni haramu. Kinywaji chao cha kuchachushwa nyumbani ni susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuka.

Ifo ilifunguliwa mwaka 1991 ili kuwapokea wakimbizi waliotoroka vita nchini Somalia. Wengi walitoka katika jamii za wafugaji, na mapenzi yao kwa maziwa ya ngamia hayakukatizwa na mpaka. Asiye na ngamia huyanunua sokoni.

Kazi huanza na chombo. Kibuyu, au dhiil iliyofumwa kwa nyuzi za mimea, huoshwa na kukaushwa. Kisha vijiti vya mti mgumu kama mgunga, vikiwa na moto, hutiwa ndani na chombo kufunikwa hadi kijae moshi. Makaa yakishatolewa, maziwa humiminwa. Moshi hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa ladha yake.

Maziwa hayo huachwa kivulini kwa siku moja au mbili, katika joto la nyuzi 26 hadi 29 za Selsiasi. Ilhali hamira ya bia hugeuza sukari kuwa kileo, bakteria za susa huigeuza hasa kuwa asidi. Susa haigandi kwa mabonge mazito kama maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa maziwa ya ngamia yana kiasi kidogo cha protini inayoshikamanisha mabonge hayo. Ndiyo maana hunyweka kwa urahisi.

Hata hivyo, desturi ya kutumia maziwa mabichi ina hatari. Ngamia mgonjwa anaweza kumwambukiza binadamu brusela, maradhi yanayoleta homa ya mara kwa mara, uchovu na maumivu ya viungo. Moshi na uchachu havitoshi kuondoa hatari hiyo.

Njia salama ni kuyapasha maziwa moto hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, au kuyachemsha iwapo hakuna kipimajoto. Yakipoa na kubaki vuguvugu, hutiwa katika chombo kilichofukizwa, pamoja na vijiko vichache vya chachu, kwa sababu moto huua pia bakteria njema. Chachu isitoke katika susa ya maziwa mabichi, kwani itarudisha maradhi yaliyokwisha kuondolewa. Maziwa lala ya dukani, ambayo hayakupashwa moto baada ya kugandishwa, yanafaa.

Susa ya kwanza ikifaulu, kiasi kidogo huhifadhiwa katika chombo safi kiwe chachu ya awamu itakayofuata. Kwa njia hiyo moshi, uchachu na ladha ya wazee hubaki, na maradhi huachwa nje ya kibuyu.