Chujuka

Chujuka ni kitenzi kinachoeleza kitu kinavyopoteza rangi au ladha yake kidogo kidogo. Ni ndugu wa chuja: khanga hufuliwa hadi ikachujuka, na mitaani Dar es Salaam msanii aliyepungukiwa na mvuto huambiwa amechuja. Pauka ni tofauti kidogo. Hutaja zaidi weupeweupe na kukosa mng'ao, kama ngozi isiyopakwa mafuta.

Kwa picha za rangi za miaka ya 1970, chujuka ndilo neno linalofaa. Picha hizo zina tabaka tatu za rangi: buluu-kijani, majenta na njano, nazo hazichujuki kwa kasi moja. Katika karatasi nyingi za wakati huo buluu-kijani hutangulia kupungua, hata picha ikiwa ndani ya albamu, na joto na unyevu huharakisha. Ndiyo maana picha ya harusi iliyotunzwa Temeke au Kinondoni hugeuka nyekundunyekundu, kwa kuwa majenta na njano ndizo zinazobaki: majani ya mnazi huwa kahawia, kanzu nyeupe huwa ya waridi.

Kuirekebisha, fundi huiskani, kisha kwenye kompyuta hupandisha au kushusha nyekundu, kijani na buluu, kila moja peke yake. Kanzu humfaa kama kipimo, kwa kuwa weupe wake unajulikana. Huku ni kurudisha rangi. Kutia rangi picha ya nyeusi na nyeupe ni kazi nyingine, kwani huko rangi hukisiwa. Picha iliyochujuka huacha mabaki ya rangi ya kufuatwa.