Gurudumu Juu ya Barafu

Dereva wa nchi yetu aujua utelezi kwa jina la tope. Mvua za masika zinyeshapo, motokaa yenye nguvu za farasi wengi hukwama kama punda mchovu, na gurudumu huzunguka bila kwenda. Katika nchi za kaskazini ya dunia adui huyo ana sura nyingine: theluji na barafu. Tope hukwamisha, barafu huua. Motokaa iliyokwama husubiri kusukumwa, lakini motokaa iliyoteleza juu ya barafu haisikii usukani wala breki. Gari zima hushikwa na ardhi kwa mipira minne tu, kila mmoja ukigusa barabara kwa kadiri ya kiganja. Uhai wa abiria hutegemea viganja hivyo.

Utafutaji wa kiganja chenye kushika ulianza kabla ya motokaa kuwapo. Wahunzi wa Ulaya walitia misumari katika viatu vya farasi wakati wa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hustahimili joto na baridi kuliko mpira mbichi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa akiishi Belfast, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wa tairi la kujazwa upepo. Tairi hilo lilikuwa raha barabarani, lakini juu ya barafu lilikuwa kama unyayo uliopakwa mafuta. Mwaka 1904 Harry Weed, wa jimbo la New York, alipata hati ya minyororo ya kufungwa kuzunguka tairi. Minyororo ilishika vema theluji nzito, ila katika barabara kavu ilipiga kelele, ikachakaa, na kumzuia dereva kwenda mbio.

Jibu lililo bora lilitoka Ufini, nchi ya baridi ndefu. Mwaka 1934 kiwanda cha Suomen Gummitehdas kilitengeneza tairi la malori lililochongwa makusudi kwa theluji. Mwaka 1936 likafuata tairi la motokaa ndogo, likapewa jina la askari wapanda farasi wa Kifini wa karne ya 17. Uso wake ulikuwa na mifereji mirefu iliyouma theluji. Lakini barafu tupu haiumwi na mpira. Katika miaka ya 1960 madereva wengi walitumia matairi yaliyopigiliwa misumari mifupi ya chuma kigumu. Hekima ya mhunzi wa zamani ilikuwa imerudi.

Hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa. Msumari uliomwokoa dereva uliidhuru barabara. Barafu ilipokosekana, maelfu ya magurudumu yalikwangua lami na kuigeuza vumbi. Katika mji wa Sendai, Japani, watu wa miaka ya 1980 walilalamika kwamba vumbi hilo lilichafua hewa waliyoivuta. Mwenye motokaa alikuwa salama, na mwenda kwa miguu akakohoa. Ujerumani ilikuwa imekwisha kupiga marufuku misumari mwaka 1975. Japani ilitunga sheria ya kuikomesha mwaka 1990. Ufini, ambayo barafu yake hukaa miezi mingi, iliiruhusu katika majira ya baridi, na mwaka 1978 ikaamuru matairi ya baridi yatumiwe. Sheria hizi hazikufanana, kwa sababu hatari zilizopimwa hazikuwa na uzito mmoja.

Katazo nalo lilizaa uvumbuzi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto lishukapo chini ya digrii 7 hivi. Wataalamu walichanganya mpira ubakiao laini katika baridi, wakaukata nyufa nyingi nyembamba ambazo kingo zake hushika barafu. Kwa matairi ya namna hii nchi nyingi huishi bila misumari. Mwaka 2008 jimbo la Quebec, Kanada, lilianza kuwalazimisha wenye motokaa kutumia matairi ya baridi.

Leo dereva wa huko huwa na seti mbili za magurudumu. Kwa baridi wengi huchagua ringi za chuma cha kawaida, kwa kuwa chumvi imwagwayo barabarani huharibu zile za fahari; na tairi jembamba kidogo, kwa kuwa hupasua theluji hadi chini. Huvisha magurudumu yote manne, maana motokaa iliyovishwa mawili hushika upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Lakini juu ya swali la misumari hulazimika kufikiri zaidi ya motokaa yake. Akaaye kijijini penye barafu tupu ana haki ya kuitaka. Akaaye mjini, ambako barabara husafishwa kila siku, hana budi kukumbuka kwamba vumbi la usalama wake huingia katika kifua cha jirani.