Wanamaji wa Bolivia: Miaka Sitini Bila Bahari

Boti za doria za Bolivia huelea takriban mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kambi yao mashuhuri iko Tiquina, penye mlango mwembamba unaoligawa Ziwa Titicaca. Hapo vijana hufunzwa ubaharia katika nchi iliyopoteza pwani yake tangu karne ya 19. Mwaka 2023 jeshi hilo lilitimiza miaka 60.

Chanzo cha yote kilikuwa kodi. Mwaka 1878 serikali ya Bolivia iliamua kutoza senti 10 kwa kila kintali ya shura iliyosafirishwa na kampuni ya Wachile kutoka Antofagasta, bandari iliyokuwa ya Bolivia wakati huo. Kampuni ikagoma kulipa. Tarehe 14 Februari 1879 askari wa Chile wakashuka bandarini, na Peru, iliyofungwa na mapatano ya siri ya mwaka 1873, ikaburutwa vitani.

Bolivia ilikuwa na pwani ya kilomita 400 hivi, lakini haikuwa na manowari hata moja ya kuilinda. Vita vya majini vikaachiwa Peru. Machi 23, kwenye kivuko cha Topáter karibu na Calama, raia aitwaye Eduardo Abaroa alikataa kusalimu amri akauawa. Kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa kama Siku ya Bahari, na wanamaji huwa mstari wa mbele katika gwaride.

Mkataba wa 1904 uliikabidhi Chile pwani hiyo moja kwa moja. Bolivia ilipewa haki ya kupitisha mizigo, pamoja na reli ya Arica hadi La Paz iliyofunguliwa 1913.

Januari 1963, chini ya Rais Víctor Paz Estenssoro, kikazaliwa Kikosi cha Mito na Maziwa. Kilianza na boti nne kutoka Marekani, na watu wake wengi walitolewa jeshi la nchi kavu. Miaka mitatu baadaye kilibadilishwa jina kikawa Kikosi cha Wanamaji. Venezuela nayo ikawapa meli ya mizigo, Libertador Bolívar, ili bendera ya Bolivia ionekane tena baharini.

Wageni wengi hukiona kikosi hiki kama kumbukumbu ya machungu tu. Hawajatazama ramani vizuri. Mamoré, Beni na Madre de Dios ni mito mikubwa ya bonde la Amazon, na kwa vijiji vingi vya huko maji ndiyo barabara. Kutoka vituo kama Riberalta, Trinidad na Guayaramerín, wanamaji hupambana na magendo na kokeini, na meli-hospitali huwafikishia madaktari watu wasiofikiwa na gari. Mafuriko makubwa yalipolikumba jimbo la Beni mwaka 2014, boti zao zilikuwa miongoni mwa zilizookoa familia zilizozingirwa na maji. Kazi hiyo pekee inatosha kukipa kikosi haki ya kuwepo.

Dai la pwani nalo halijafutwa. Mwaka 2013 Bolivia iliishtaki Chile mjini The Hague. Tarehe 1 Oktoba 2018 majaji 12 dhidi ya 3 waliamua kwamba Chile hailazimiki kujadiliana. Katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 bado inatamka kuwa haki ya kuifikia Pasifiki haiondoleki.